Mtoto wa Saa Alipopotea Kibosho

Leo sina pa kuuweka uso wangu.

Niko mjini Moshi, kwenye duka la intaneti. Nimechagua kompyuta ya pembeni kabisa na nimewapa watu mgongo. Baba mkwe amenituma nimwandikie barua pepe wifi yangu Fortunata, aliyeko Ujerumani. Nimeshamwandikia. Sasa nawaandikia ninyi wa bwenini kabla hamjasikia kwa mtu mwingine, maana habari za mlimani huteremka upesi kuliko gari.

Kwa wale tuliopotezana: nimeolewa Kibosho. Mume wangu Deodati anafanya kazi Arusha, anarudi mwisho wa wiki (akipata nafasi). Mimi nakaa na wazazi wake kwenye kihamba chao, nyumba katikati ya migomba na kahawa. Mnanijua, mimi ni mtoto wa mashamba ya miwa huko chini tambarare. Baba yangu alitoka Singida kuja kukata miwa, na mimi nimekulia kwenye joto. Huku juu, mwezi huu wa saba, nalala na soksi mbili mbili. Kichagga changu kinatosha kuomba chumvi, basi. Kwa hiyo naishi roho mkononi. Nikipika naogopa, nikisalimia naogopa, nikinyamaza naogopa zaidi, wasije wakasema mkwe ananuna.

Sasa katikati ya woga wangu wote huo, wifi akatuma saa.

Ni saa ya mezani, haina mishale, inaonyesha tarakimu tupu. Wifi alisema inajirekebisha yenyewe kwa mawimbi ya redio. Tena ina kipande cha pili, cheupe, kidogo kama kipande cha sabuni ya kuogea. Hicho kinakaa nje kupima joto, halafu kinaipelekea saa habari bila waya wowote. Mama mkwe alipoelezwa alifikiri kidogo, akasema, "Basi hii ya ndani ni mama, na huyo wa nje ni mtoto wake." Tangu siku hiyo nyumba nzima tunakiita mtoto wa saa.

Baba mkwe, Mzee Kalisti, aliniita sebuleni akaliweka boksi mbele yangu.

"Wewe umesoma," akasema. "Iwashe."

Nikasoma karatasi ya maelezo. Kijerumani mbele, Kijerumani nyuma, na Kiingereza kidogo kimebanwa chini. Nikatia betri kwa mama kwanza. Kumbe anatangulia mtoto. Nikatoa zote, nikaanza upya. Kwenye kioo kukatokea kialama cha mnara, kikawa kinawaka na kuzima. Maana yake saa inatafuta mawimbi. Ikatafuta mpaka jioni. Nikaihamishia dirishani. Nikaipandisha juu ya kabati. Nikatoka nayo nje, na Mama akanikuta chini ya mparachichi nimeinyanyua kwa mikono miwili kama padri kwenye mageuzo. Alipita tu na ndoo yake.

Ndipo nikasoma mstari wa mwisho. Mnara wenyewe uko Ujerumani, na mawimbi yake hayafiki huku. Nikairekebisha kwa mkono nikifuatisha taarifa ya habari redioni, kisha nikaenda kumwambia Baba nikiwa nimeandaa na machozi kabisa. Akanisikiliza. Akasema, "Hata Ujerumani wana mahali wasipofika," akaendelea kupukuchua mahindi.

Lakini mtoto wa saa alifanya kazi vizuri. Nilimtundika kwenye msumari ndani ya banda la ng'ombe, chini ya paa, asipigwe jua wala mvua. Baba akawa ofisi ya hali ya hewa. Akishakunywa chai ya asubuhi anasimama kwenye njia na fimbo yake, na kila anayepita anapewa taarifa: "Leo kumi na tatu." Mtu anavuta koti lake vizuri na kushukuru. Wengine walianza kupita kwetu makusudi. Sijawahi kuona mzee mwenye furaha kama ile, na kila siku nilikuwa naomba Mungu kile kidude kisife, maana mimi ndiye niliyekiwasha.

Sasa, leo.

Baba ana mdogo wake, Baba mdogo Proti. Vihamba vyao vinapakana. Wameacha kusemezana tangu kabla sijaolewa, kisa mfereji wa maji. Nani aligeuza maji usiku, nani alikausha migomba ya nani. Walitoleana maneno ambayo Mama mpaka leo hataki kuyarudia. Kanisani mmoja anakaa upande wa kulia, mwingine kushoto. Mzee Evaristi, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, amewabembeleza muda mrefu, na hatimaye wakakubali wakae leo Jumamosi, hapa kwetu.

Mnaelewa uzito wake. Mama aliamka mapema kupika mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Baba alivaa koti la kanisani. Mimi niliambiwa kazi yangu ni kupakua, kusalimia na kunyamaza. (Kumbukeni hilo la mwisho.) Na Baba akaileta ile saa, akaiweka katikati ya meza, uso wake ukiangalia kiti cha mgeni.

"Aione," akasema.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya ukungu na manyunyu. Hata migomba ya jirani haikuonekana. Wageni wakafika, Mzee Evaristi mbele, Baba mdogo nyuma. Nikiwa dirishani jikoni nilimwona Baba mdogo anazunguka kwanza nyuma ya banda la ng'ombe, haja ndogo, kisha akaja mlangoni. Amevaa koti refu zito, na mkono wa kulia umezama mfukoni.

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba, mkwe." Akanipa mkono wa kushoto.

Nikasema labda ameumia. Akamfikia Baba. Kaka yake mkubwa, hawajashikana mikono tangu enzi hizo. Akampa wa kushoto pia. Baba aliuangalia ule mkono kama mtu aliyepewa chenji pungufu, akaushika kwa vidole tu. Tukaanza vibaya.

Nikaingia na sinia la mtori. Katika kuinama niweke bakuli, jicho langu likaangukia saa. Nje: 37.6.

Mtori nusura uwe wa sakafu. Nikaangalia mlangoni, Mzee Evaristi alikuwa anapuliza viganja vyake. Nikaangalia tena saa. 37.7. Nikaweka bakuli haraka, nikatoka taratibu mpaka nikapita kona, kisha nikakimbia.

Msumari mtupu.

Nilipekua majani ya ng'ombe. Nilipekua hori. Nilipekua samadi, kwa mikono hii hii ninayoandikia. (Nimenawa.) Nilimzunguka kuku wa Mama anayeatamia kwenye tenga pale chini ya ukuta, akanidonoa, nikamwachia eneo lake. Nilimwinua ng'ombe aliyelala nikaangalia alipolalia. Mtoto wa saa hayupo.

Nikasimama pale nafikiri, na hapa ndipo elimu iliponiponza. Thelathini na saba na kitu. Hilo joto nalijua. Baiolojia ya kidato cha tatu, nilipata C na niliistahili. Hilo ni joto la mwili wa binadamu. Kwa hiyo mtoto wa saa hajapotea, yuko kwenye mwili wa mtu. Na nani alipita nyuma ya banda asubuhi hii? Na nani hataki kutoa mkono mfukoni, hata kumsalimia ndugu yake?

Damu ikanipanda mpaka masikioni.

Sikujua nifanye nini. Nikinyamaza, Baba atajua leo leo kwamba kidude kimepotea, na aliyekitundika ni mimi. Nikisema, nitakuwa nimemwita baba mkwe wangu mdogo mwizi siku ya kupatanishwa. Nikaingia jikoni. Mama alinitazama.

"Unatetemeka nini?"

"Baridi, Mama."

"Vaa sweta."

Nikavaa. Kutetemeka hakukuisha.

Basi wazee wakasema waende kwanza kuuona mfereji, waongee wakiwa wameuona. Wakatoka wote watatu, wakashuka kihambani. Sebule ikabaki yangu. Nikapiga magoti mbele ya saa, nikaikodolea macho. Nje kwenye ua nilimsikia Mama anawaita kuku na kuwamwagia mahindi. Na saa ikaanza kushuka. 36. Muda kidogo, 33. Halafu 29. Nikajiambia, unaona, anakwenda mbali nacho. (Joto halishuki kwa sababu mtu amekwenda mbali. Hilo nalijua sasa. Wakati ule nilikuwa na akili nyingine.)

Nikasikia sauti zao zinarudi. Saa ikaanza kupanda. 31. 34. Walipoingia na kuketi, 37.

Kwangu mimi, kesi ilikuwa imekwisha.

Wakakaa. Mimi nikabaki nimesimama ukutani na jagi la chai. Mzee Evaristi akakohoa.

"Proti, njiani uliniambia una neno kwa kaka yako."

Baba mdogo akafungua mdomo, akaufunga. Mkono ukacheza mfukoni. Nikauona. Kitu kipo.

"Nina neno," akasema. Hakuendelea.

Baba naye, nadhani kwa aibu ya ule ukimya, akaigusa saa. "Hii katuma Fortunata. Unakaa hapa hapa ndani unajua joto la nje."

Baba mdogo akainama akasoma. Akageuka kutazama ukungu mlangoni. Akasoma tena.

"Inasema thelathini na saba."

"Saa ya Ujerumani haikosei," Baba akasema bila kuangalia.

"Kaka, sasa hivi tumetoka huko. Meno yangu yalikuwa yanagongana."

"Mimi nakwambia inavyosema."

"Kwa hiyo mimi ndiye mwongo."

"Sijasema mwongo."

"Kwenye mambo ya mfereji ulisema. Mbele ya watu."

Mzee Evaristi akaweka kijiko chini. Baba mdogo akaanza kuinuka. Mama, aliyekuwa anachungulia mlangoni, akarudi jikoni, nadhani hakutaka kuona. Na mimi nikaona kila kitu kinavunjika kwa sababu ya saa, na saa niliiwasha mimi.

"Saa haisemi uongo."

Nilijiuliza nani kasema. Wote walikuwa wananiangalia mimi.

"Na Baba mdogo naye hasemi uongo," nikaendelea, kwa sababu nilishaanza na sikujua namna ya kuacha. "Nje ni baridi kweli. Ila mtoto wa saa hayupo nje. Msumari ni mtupu. Hiyo thelathini na saba ni joto la mwili. Yuko kwa mtu. Humu ndani."

"Mtu gani?" akauliza Baba.

Sikutaja jina, naomba mnielewe. Ni macho yangu tu ndiyo yaliyokwenda. Baba mdogo akayafuata, kutoka begani mpaka kwenye kiwiko, mpaka mfukoni mwake.

"Mimi?"

"Sijasema kuiba, Baba mdogo. Pengine umemwokota tu, ukasahau."

"Nimekuja kwa kaka yangu kutafuta amani," akasema polepole, akimwangalia Mzee Evaristi, "napekuliwa na mkwe wake."

"Toa mkono, Proti," Baba akasema. Kisha akarudia kwa Kichagga, kwa sauti ya chini, na hapo nikagundua kwamba Kichagga nakielewa vizuri.

Baba mdogo akatoa mkono.

Lilikuwa jani la sale.

Ninyi msiolijua: sale ni mmea tunaoupanda mipakani huku. Mchagga akimkosea mtu na anataka kusamehewa kweli, humpelekea jani lake limefungwa fundo. Halipelekwi ovyo. Na likishaletwa, si rahisi mtu kulikataa. La Baba mdogo lilikuwa limekunjamana na limelegea kwa jasho la kiganja.

"Nimelishika tangu nyumbani," akasema. Hakuwa anaongea na mimi tena. "Nilikuwa natafuta pa kuanzia."

Jagi lilikuwa bado mkononi mwangu. Nilitamani ningekuwa yule ng'ombe niliyemwinua.

Hapo Mama akaingia. Ameshika mtoto wa saa kwa vidole viwili, mbali na nguo yake. Amechafuka ute na kiini, na unyoya umemganda ubavuni.

"Nani amemwekea kuku wangu hii? Nimesikia mnasema msumari ni mtupu, nikaenda kuangalia. Ilidondokea ndani ya tenga. Ameiatamia pamoja na mayai, na imemvunjia moja."

Kuku. Kuku alikalia mtoto wa saa asubuhi nzima. Mama alipomwaga mahindi kuku akatoka kula, saa ikashuka. Aliposhiba akarudi, saa ikapanda. Na mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kioo napeleleza kesi.

Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Baba hakumwangalia hata kidogo mtoto wa saa. Alikuwa anaangalia jani. Akainuka, akalipokea kwa mikono miwili. Akasema kitu kifupi kwa Kichagga. Safari hii sikuelewa na hakuna aliyenitafsiria, na niliona si vizuri kuuliza. Baba mdogo akajifuta macho kwa kile kiganja kilichokuwa mfukoni.

Mimi nikawa nimeshapiga magoti sakafuni. "Baba mdogo, nisamehe. Baba, nisamehe. Mzee Evaristi, na wewe." (Yeye sikumkosea, lakini nilikuwa naomba kwa jumla.)

Baba mdogo akanitazama, uso mkavu kabisa.

"Mkwe," akasema, "mfuko wa kushoto hujaukagua."

Akaugeuza nje. Ukatoa rozari na kikopo cha ugoro. Akaviweka mezani mbele yangu, kimoja kimoja, kama mtu aliyekamatwa.

Mzee Evaristi ndiye aliyeanza. Mtori ulimpalia mpaka Mama akampiga mgongoni. Kisha Baba akashika ukingo wa meza, mabega yanatikisika bila sauti. Kisha Baba mdogo mwenyewe. Walicheka wale wazee mpaka wakaegemeana. Mama alisimama na kile kidude chenye unyoya akiwatazama, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba hawajacheka hivyo pamoja tangu mama yao akiwa hai.

"Inuka, mkwe," akasema Baba mdogo alipopata pumzi. "Bila wewe hili jani ningerudi nalo nyumbani."

"Na yai langu?" akauliza Mama. Wakaanza kucheka upya.

Wakala mtori uliokwisha kupoa. Mbege, pombe ya ndizi ya huku, ikaletwa, wakanywea kibuyu kimoja. Mtoto wa saa akafutwa kwa kitambaa, akarudishwa msumarini, na safari hii Baba mwenyewe alimfunga kwa kamba ya mgomba, mafundo matatu. Nje ilikuwa kumi na nne.

Nilidhani yamekwisha. Baba akaniita.

"Nenda mjini ukamwandikie Fortunata kwamba mimi na Proti tumepatana."

"Ndiyo, Baba."

"Na umweleze ilivyokuwa. Usimfiche kitu."

"Hata habari za kuku, Baba?"

"Anza na kuku."

Nikashuka mpaka barabarani. Pale njiapanda kuna mama anayeuza ndizi mbivu, mama mtu mzima, mpole. Nikamsalimia, "Shikamoo, Mama." Akanijibu, "Marahaba, afande." Konda wa gari akashuka kunifungulia mlango, akaona ni mimi, akainua mikono yote miwili juu na kusema mifuko yake haina kitu, nimwonee huruma. Abiria walikuwa wameshajua. Sijui nani aliwaambia. Namshuku Mzee Evaristi, lakini leo siwezi tena kumshuku mtu.

Deodati anarudi jioni hii. Anapitia stendi, kwa hiyo atafika nyumbani ameshaipata yote. Namsubiri hapa mjini kwanza, niione sura yake mbele ya watu, asije akacheka sana.

Nanyi najua mnacheka, sitawakataza, maana hamtasikia. Ila mkinijibu, niulizeni habari za ndoa, niulizeni kahawa inaendeleaje, niulizeni hata kama nimenenepa. Joto la huku waulizeni wengine.

Yustina